Betri Ni Akiba Inayooza

Mlango wa betri umefunguka. Kidole gumba kimesukuma kile kilimi kidogo cha plastiki kinachoizuia, na siku zote springi ya ndani huisukuma betri nje kiasi cha kuishika kwa kucha mbili. Leo haitoki. Kamera inageuzwa juu chini, inagongwa taratibu kwenye kiganja. Haitoki.

Kamera hii haijaanguka wala haijalowa. Imekaa kabatini miezi minane, ndani ya mkoba wake wa ngozi, lenzi ikiwa na kifuniko, betri ikiwa imejazwa mpaka taa ya chaja ikabadilika rangi. Aliyeiweka aliitaka salama.

Betri imevimba.

Jambo hili limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa, na si kwa sababu ya uvimbe. Betri huvimba, fundi yeyote wa kamera amekwisha kuziona. Kinachonisumbua ni kwamba hakuna hata hatua moja ya uzembe katika mkasa huu. Kujaza chaji, kufunga mkobani, kuweka mbali na mikono ya watu: yote ni mambo tunayoyaita utunzaji. Na hayo hayo, yakipewa miezi minane, ndiyo yaliyoharibu.

Wahenga walisema akiba haiozi. Betri ya lithiamu ni akiba inayooza, na huoza haraka zaidi ikiwa imejaa.

## Iliyojaa ndiyo inayochoka

Betri nyingi za kamera za lenzi za kubadilisha zina seli mbili ndani, zimeunganishwa mfululizo. Kila seli huhesabiwa kuwa na volti 3.6, ndiyo maana kwenye ganda unasoma 7.2. Huo ni wastani tu. Seli ikijaa hufika 4.2, na betri nzima 8.4. Chaja huipeleka huko kwa awamu mbili: kwanza hutoa mkondo usiobadilika huku volti zikipanda, kisha volti zikifika 8.4 huzishikilia hapo na kuuacha mkondo upungue wenyewe hadi ubaki kidogo sana. Awamu hiyo ya pili ndiyo inayofanya asilimia za mwisho zijikokote.

Tatizo huanza baada ya hapo. Ukichomoa betri iliyojaa na kuiweka mezani, kwa macho imetulia. Ndani haijatulia. Kwenye volti 4.2, upande chanya wa seli una uchu mkali wa elektroni, na elektroliti, kile kimiminika kinachobeba ayoni za lithiamu kutoka upande mmoja hadi mwingine, huvunjwavunjwa kidogo kidogo. Upande wa pili, juu ya grafaiti, kuna utando mwembamba unaoilinda seli. Nao huendelea kunenepa, na kila unaponenepa humeza lithiamu ambayo hairudi tena kazini. Mojawapo ya mabaki ya kazi hii ni gesi. Gesi haina pa kutokea, ganda linaanza kutuna.

Joto huharakisha yote hayo. Takwimu zinazonukuliwa sana kuhusu betri za aina hii zinasema hivi: ikiwekwa mwaka mzima kwenye nyuzijoto 25 za Selsiasi ikiwa na chaji ya asilimia 40, hubaki na takriban asilimia 96 ya uwezo wake. Ikiwekwa mahali pale pale ikiwa imejaa, hubaki na takriban 80. Kwenye nyuzijoto 40, iliyojaa hushuka hadi kama 65.

Tazama tena hiyo 96 na hiyo 80.

Betri hizo hazijapiga picha hata moja.

## Kanuni tulizorithi

Kwa nini basi watu makini wanajaza betri kabla ya kuihifadhi? Nadhani jibu liko nyuma ya lithiamu. Mwaka 1975 Steven Sasson wa Kodak alipounda kamera ya dijitali ya kubebeka, yenye uzito wa kilo 3.6 hivi na iliyotumia sekunde 23 kurekodi picha moja kwenye kaseti, aliiwekea betri 16 za nikeli na kadimiamu. Betri za ukoo huo zilitawala vifaa vya kubebeka kwa miaka mingi, na zilikuwa na tabia zake. Zikichajiwa mara kwa mara zikiwa nusu, zilikuwa kama zinasahau ile nusu nyingine. Ndipo ukazaliwa ushauri wa kumaliza chaji yote kabla ya kuchaji tena, na wa kuilaza betri mpya kwenye chaja usiku kucha.

Sony ilipoanza kuuza betri za ayoni za lithiamu mwaka 1991, kemia ilibadilika. Ushauri ukabaki palepale, ukahama kutoka kinywa hadi kinywa, na hadi leo mtu akinunua kamera mpya ataambiwa aimalize betri mpaka izime mara tatu za mwanzo ili aizoeze.

Usiizoeze. Betri ya lithiamu haina kumbukumbu ya namna hiyo. Kushuka kutoka 80 hadi 30 kunaichosha kidogo kuliko kushuka kutoka 100 hadi 0, hata ukizingatia kiasi cha umeme kilichotumika. Kuichaji ikiwa nusu hakuna dhambi yoyote. Kitu pekee ambacho kumaliza chaji hadi chini kunaweza kusaidia ni kuisawazisha ile hesabu ya asilimia inayoonyeshwa kwenye skrini, kwa betri zenye chipu ya kuhesabu, na hilo linatosha mara moja baada ya miezi mingi.

## Nusu, lakini lini?

Hapa ndipo niliposita kwa muda mrefu. Ni rahisi kuandika "hifadhi betri ikiwa nusu". Lakini kamera ni chombo cha kazi. Betri iliyotunzwa vizuri kemikali zake, ikakuishia katikati ya hafla kwa sababu ulitoka nayo ikiwa asilimia 45, imetunzwa kwa faida ya nani?

Nimerudi kwenye swali hili mara nyingi, na ninapoishia ni hapa: kujaza hakudhuru sana, kinachodhuru ni kukaa imejaa. Betri inayojazwa jioni na kutumika kesho yake asubuhi haijapata muda wa kuumia. Kwa hiyo mazoea ya kubadilisha ni mamoja tu. Ukirudi kutoka kazini, usijaze. Jaza usiku wa kuamkia kazi.

Kama unaitwa wakati wowote, tenga betri moja iwe imejaa daima na ukubali kwamba hiyo ndiyo itakayozeeka mbele. Ibadilishe kila mwezi: mwezi huu namba 1, ujao namba 2. Namba ziandikwe moja kwa moja kwenye plastiki kwa kalamu ya wino usiofutika, pamoja na mwezi na mwaka betri ilipoanza kazi. Usibandike karatasi wala utepe. Chumba cha betri kina nafasi ndogo sana ya ziada, na utepe uliojikunja pembeni unaweza kukwamisha betri nzima, ukajiletea matatizo ya betri iliyovimba bila uvimbe.

Zinazobaki zipumzike zikiwa kati ya asilimia 40 na 60. Kamera inayoonyesha asilimia inakurahisishia kazi. Isiyoonyesha, tumia taa ya chaja. Chaja ya Canon LC-E6, kwa mfano, humeta mara moja moja chaji ikiwa chini ya asilimia 50, mara mbili mbili kati ya 50 na 74, mara tatu tatu kuanzia 75. Ikianza kumeta mbili mbili, chomoa, umefika. Kwa mwenye mita ya kupimia volti, betri ya seli mbili iliyopumzika saa moja na kusoma volti 7.5 au 7.6 iko karibu na nusu.

Kisha itoe ndani ya kamera. Kamera iliyozimwa haijalala kabisa. Saa yake inatembea, na zile zenye Bluetooth huweza kuendelea kuongea na simu hata swichi ikiwa imezimwa, mpaka uende kwenye menyu uifunge. Mnyonyo huo ni mdogo, lakini kwa miezi unatosha kuikausha betri.

Kuitoa kuna gharama moja ndogo. Kamera nyingi zina kibetri cha ndani cha saa ambacho huchajiwa na betri kubwa. Ukiiacha tupu miezi mitatu minne, utaikuta inauliza tarehe. Hilo si ubovu. Weka betri, iache ndani siku mbili kibetri kijae, na urekebishe tarehe kabla ya picha ya kwanza, maana mafaili yenye mwaka usio sahihi yatakusumbua kwenye kumbukumbu zako kwa miaka.

Kila baada ya miezi mitatu, angalia. Iliyoshuka chini ya asilimia 20 irudishe nusu.

## Sakafu ya chini

Kama dari, yaani kujaa, ni hatari ya polepole, sakafu, yaani kuishiwa kabisa, ni hatari ya ghafla.

Kamera huzima yenyewe betri ikiwa bado na akiba kidogo, na hiyo akiba imewekwa makusudi. Ukiizima kwa kuishiwa, ukaitupa kabatini hivyo hivyo, inaendelea kuvuja yenyewe. Seli ikishuka chini ya kama volti 2.5, saketi ndogo ya ulinzi ndani ya betri hukata mawasiliano, na ukiipima kwa nje unasoma sifuri au karibu yake. Watu husema imekufa. Mara nyingine imelala tu: chaja nzuri huijaribu kwanza kwa mkondo mdogo sana, na volti zikipanda ndani ya dakika chache huendelea kama kawaida.

Lakini ikiwa imekaa hapo chini kwa wiki na miezi, ile karatasi nyembamba ya shaba inayokusanya umeme upande hasi huanza kuyeyuka ndani ya elektroliti. Ukiichaji baadaye, shaba ile hurudi na kuganda mahali pasipo pake, na huweza kujenga njia ya mkato ndani ya seli. Ndiyo maana mbinu ya kuiamsha betri kwa kuigusisha nyaya za betri nyingine siipendi hata kidogo. Saketi ikikataa, inakataa kwa sababu. Chaja ikimeta haraka kuashiria hitilafu, safisha ncha za umeme, jaribu mara moja zaidi, kisha ukubali.

Kuhusu joto wakati wa kuchaji, mpaka wa kawaida ni kati ya nyuzijoto 0 na 40, na betri hufurahia zaidi kati ya 10 na 30. Chini ya sifuri, lithiamu huganda kama metali juu ya grafaiti badala ya kuingia ndani yake, na madhara hayo hayarudi nyuma. Kutumia betri kwenye baridi ni jambo jingine: uwezo hupungua kwa muda, na ukiiweka mfuko wa ndani wa koti ikapata joto la mwili, chaji iliyoonekana kuisha hurudi. Kwenye joto kali, betri iliyotoka kurekodi video ndefu iache nusu saa ipoe kabla ya kuipeleka kwenye chaja.

Na usiiache kwenye gari lililofungwa juani.

## Ikishavimba

Turudi kwenye ile betri iliyokwama, maana hapo watu hufanya makosa ya hatari kwa haraka ya kuokoa kamera.

Usiingize kisu, bisibisi wala kibanio cha chuma pembeni yake. Seli ni karatasi nyembamba zilizokunjwa pamoja, na kinachotenganisha chanya na hasi ni utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele. Ukitoboa, unaunganisha pande hizo mbili ndani ya kimiminika kinachowaka. Zima kamera, fungua kilimi na ukishikilie kikiwa wazi, elekeza mlango chini juu ya kitambaa, gonga mgongo wa kamera kwa kiganja. Kama imetoka milimita mbili tatu, kipande cha utepe wenye gundi kilichobandikwa vizuri kwenye uso wake huweza kutosha kuivuta. Ikigoma, acha. Fundi atafungua bamba la chini, na hiyo ni kazi ya kawaida kwake.

Ikitoka, isichajiwe tena hata kama kamera inaikubali. Usiibonyeze ili irudi umbo. Iweke ndani ya kopo la chuma lenye mchanga mkavu, mbali na vitu vinavyoshika moto, kisha uipeleke wanapokusanya taka za elektroniki.

Dalili huja mapema kuliko kukwama. Iweke betri juu ya kioo au meza iliyonyooka kabisa: iliyo sawa hulala kimya, iliyoanza kutuna huyumba au huzunguka ukiisukuma kwa kidole. Fanya hivyo kila unapokagua chaji. Menyu nazo husaidia. Kamera nyingi za Nikon huonyesha umri wa betri kwa kipimo cha 0 hadi 4, ambapo 4 ni ya kubadilisha. Canon huonyesha vijiboksi vitatu vya uwezo wa kupokea chaji, na kikibaki kimoja chekundu, tafuta nyingine.

## Namba zilizoandikwa kwenye ganda

Betri zisizo za mtengenezaji wa kamera si lazima ziwe mbaya. Baadhi ni nzuri. Lakini soma namba zake kama unavyosoma mkataba. Betri ya Canon LP-E6N imeandikwa volti 7.2 na miliampia-saa 1865. Zidisha, gawa kwa elfu moja, unapata kama wati-saa 13.4, kiasi cha nishati iliyomo, na ganda linasema 14 kwa kukadiria. Ukiona betri ya umbo lile lile, yenye ukubwa ule ule, inadai miliampia-saa 3000, jiulize hizo seli zimeingiaje humo. Kama pia ni nyepesi mkononi kuliko halisi, umejibiwa.

Kinachokosekana kwenye zile rahisi sana ni vitu visivyoonekana: saketi ya ulinzi iliyo makini, kihisi cha joto kinachoongea na chaja, na chipu ya kuhesabu asilimia. Bila chipu, kamera hutoka kwenye kijiti kimoja cha chaji hadi kuzima bila kukuaga. Mimi ningechukua betri mbili halisi kuliko nne za kubahatisha.

Wati-saa hizo pia ndizo zinazoulizwa uwanja wa ndege. Betri za akiba za lithiamu hupanda na abiria ndani, haziingii kwenye mzigo wa chini, na kikomo cha kawaida bila kibali ni wati-saa 100 kwa betri. Za kamera ziko mbali sana na hapo. La muhimu ni kila moja iwe na kifuniko chake juu ya ncha za umeme, kwa sababu funguo au sarafu mfukoni inatosha kuziunganisha.

## Mkoba wa ngozi

Kilichobaki kwenye picha ile ya mwanzo ni mkoba na kabati. Huko ndiko lenzi inakofia.

Ngozi hushika unyevu, na kitambaa kinene cha ndani hushika zaidi. Unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 60 au 65 kwa wiki mfululizo, gizani, bila hewa kupita, mbegu za kuvu ambazo ziko kila mahali huamka. Kwanza utaona uzi mwembamba kama wa buibui ukingoni mwa kioo cha ndani, ukimulika tochi ndogo kwa mshazari. Kuvu hutoa tindikali, na tindikali hula ile rangi ya zambarau na kijani iliyopakwa juu ya vioo kupunguza mng'ao. Fundi anaweza kuondoa uzi; alama iliyokwisha kuchorwa habadilishi.

Kwa hiyo mkoba ni wa kusafiria. Nyumbani, kamera na lenzi zikae kwenye boksi la plastiki linalofunga kwa mpira, pamoja na silika jeli na kipima unyevu kidogo cha kusoma bila kufungua. Lenga asilimia 40 hadi 50. Usishangilie ikishuka 20: chini ya 30, mpira wa mishikio na mafuta ya ndani ya lenzi huanza kukauka. Silika inayobadilika rangi ndiyo bora, maana inakuambia ikishiba. Ya rangi ya chungwa hukaushwa kwenye oveni ya nyuzijoto kama 110 hadi 120 kwa saa mbili tatu na kurudi kazini. Ile ya bluu inayogeuka waridi ina kloridi ya kobalti, ambayo ni sumu. Isiingie kwenye oveni ya chakula.

Mchele haufai. Unga wake huingia kwenye kila pengo la kamera.

Kuna unyevu mwingine ambao huja kwa dakika moja: kamera inayotoka chumba chenye kiyoyozi na kuingia hewa ya moto na nzito. Mvuke hugeuka matone ya maji juu ya lenzi, na pia ndani, usipoona. Dawa ni kuifunga ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa kabla ya kutoka, na kuiacha humo mpaka ifikie joto la nje. Mwili mkubwa wenye lenzi ndefu huweza kuhitaji saa moja au zaidi. Matone yatakayotokea yatakaa juu ya mfuko.

## Kufuta kupita kiasi

Kuna utunzaji mwingine unaofanana na ule wa kujaza betri: mtu anayefuta lenzi kila akiishika. Chembe ya mchanga ni ngumu kuliko rangi ya juu ya kioo, na kitambaa kinachoiburuta ni msasa. Vumbi kidogo mbele ya lenzi halionekani kwenye picha. Alama ya kidole huonekana, hasa ukipiga kuelekea mwanga.

Mpangilio ni huu, na haubadiliki: puliza kwanza kwa pampu ya mpira, lenzi ikitazama chini, piga brashi laini, mwisho kabisa, kama bado kuna mafuta, tone moja la kimiminika cha lenzi juu ya kitambaa, si juu ya kioo, ukizunguka kutoka katikati kwenda nje. Usipulize kwa mdomo, mate hayakosi. Kopo la hewa ya kubana huweza kurusha kimiminika chake chenye baridi kali. Liwe mbali na kamera.

Kihisi chenyewe, kile kibamba cha ndani kinachopokea picha, usikiguse mpaka ujue kuna kitu. Weka tundu la lenzi f/16, ISO 100, fokasi ya mkono mbali kabisa, kisha piga ukuta mweupe ulio karibu kwa sekunde moja huku ukiisogeza kamera. Ukuta utafifia wote, vumbi litabaki kama madoa meusi yaliyotulia. Doa lililo juu kushoto kwenye picha liko chini kushoto ukikitazama kihisi kwa mbele, kwa kuwa lenzi hugeuza picha.

Jaribu kitikisaji cha kamera, ile amri ya menyu inayotikisa kihisi, kisha pampu, mdomo wa kamera ukiwa umeelekea chini. Asilimia kubwa ya vumbi huondoka hapo. Lililoganda ndilo linalohitaji kifutio cha maji chenye upana wa kihisi, milimita 24 kwa kihisi kikubwa cha fremu kamili na 16 kwa kile kidogo cha APS-C, matone mawili ya kimiminika, mpito mmoja kwenda, geuza upande, mpito mmoja kurudi, tupa. Na kwa kazi hii, betri iwe imejaa. Kwenye kamera ya DSLR, ile yenye kioo cha kuakisi kinachoinuka mbele ya kihisi, chaji ikiisha wakati kioo kimeinuliwa, pazia la shata hufunga juu ya kifutio chako.

Ncha za umeme za betri na lenzi zinahitaji kitambaa kikavu tu, au pamba ya kijiti yenye alkoholi ya isopropili zikiwa na mafuta. Raba ya kufutia penseli huchubua tabaka la dhahabu.

## Taa ya flashi

Neno fupi kuhusu betri za AA, kwa kuwa flashi nyingi bado zinazitumia nne nne na kanuni zake ni tofauti. Zile za alkalini zisizochajiwa huvuja hidroksidi ya potasiamu zikizeeka, na chumvi nyeupe utakayoikuta kwenye springi ni mabaki yake. Ifute kwa pamba yenye siki kidogo, kisha alkoholi, uache ikauke. Za kuchaji za nikeli na haidraidi ya metali hazisumbuliwi na kujaa kama lithiamu. Zile zinazovuja chaji polepole, kama Eneloop iliyotoka mwaka 2005, huweza kukaa miezi mingi na bado kuwasha flashi. Usichanganye mpya na kuukuu. Iliyo dhaifu huburutwa na wenzake hadi chini ya volti sifuri.

## Kamera ambayo betri yake haitengenezwi tena

Hili ndilo swali lililobaki baada ya mengine yote kutulia. Una kamera ya miaka kumi na tano, bado inapiga vizuri, na umesikia betri zake zinaadimika. Moyo unakutuma ununue tano uzifungie.

Hapo ndipo mithali ya akiba inapokosea tena. Betri huanza kuzeeka siku ilipotengenezwa, si siku ulipoifungua. Tano zilizokaa boksini miaka minane ni tano kuukuu, na kama zilihifadhiwa kwenye ghala la joto huenda zimekwisha kupita ile sakafu ya volti 2.5. Kabla ya kununua tafuta tarehe au msimbo wa kutengenezwa kwenye ganda. Nunua moja, ichaji, ipime kwa kazi halisi kwa wiki mbili, ndipo uamue juu ya pili. Baada ya miaka miwili au mitatu tafuta nyingine iliyotengenezwa karibuni, hata kama si ya mtengenezaji wa kamera.

Kwa kazi za mezani, studio au video ya muda mrefu, kuna betri bandia: ganda lenye umbo la betri, ndani halina seli, lina waya unaotoka kwenye kijidirisha cha mpira pembeni mwa mlango hadi kwenye umeme wa ukuta. Hakikisha volti zake zinalingana na za betri halisi na kwamba inaweza kutoa mkondo wa kutosha kamera inapoanza kurekodi. Kijidirisha kile kipo kwenye kamera nyingi, kimefungwa tangu kiwandani, na wengi hawajawahi kukifungua.